Papa Eksperi na Luwi Zake

Alikuwa analamba vitu. Naanza na hilo kwa sababu wote waliomcheka walianzia hapo, na mimi nilimcheka kuliko wote, Mungu anisamehe. Ukimpa kiti, bangili, kinyago, kibuyu, chochote chenye dalili ya uzee, kwanza alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akakinusa. Kisha akafumba jicho moja na kukipitishia ulimi upande wa chini, pasipo na nakshi. Halafu alitema kando, kwa heshima, akasema: "Hii iko na myaka." Au: "Hii haina hata baba."

Sisi watu wa milima ya Masisi tulimwita Papa Eksperi, yaani Baba Mtaalamu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini padiri peke yake ndiye aliyelitumia, tena akiwa amekasirika. Alitoka Walikale, kule chini msituni, na ukimwuliza kwa nini anajiona anajua mambo ya kale kushinda wazee wetu, jibu lake lilikuwa tayari mdomoni: "Sikiliza jina. Wali-kale. Ni banani balikuwa kale? Njo siye!" Sikuona hata siku moja mtu akimshinda kwa hoja hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuwatangulia wanunuzi. Miaka ile ya kwanza baada ya dipanda, yaani uhuru, walipita wazungu na motokari zao wakitafuta vitu vya mababu: viti, bangili za shaba, visanamu vya pembe, kila kitu ambacho bibi zetu walikuwa wamekificha juu darini, kwenye masizi. Mzungu hawezi kujua kipi ni cha babu na kipi kimechongwa juzi na kijana mwenye njaa. Kwa hiyo alimchukua Papa Eksperi, na neno lake ndilo lililokata. Akisema ndiyo, kitu kinapanda motokari. Akisema hapana, mwenye kitu anarudi nacho nyumbani na aibu yake. Kwetu alibaki kwa sababu motokari ya mnunuzi mmoja iliharibikia chini ya kilima chetu, ikakaa wiki tatu, na ilipopona yeye alikuwa amekwisha kupanda mihogo. Akajenga hapo hapo, hatua chache kutoka nyumba ya baba mkwe wangu.

Ujuzi aliupata wapi? Zamani za Wabelgiji alikuwa anafuta vumbi katika saluni, yaani sebule, ya mkoloni mmoja. Saluni tu, jikoni na vyumbani walikuwa na watu wengine, na hilo mlikumbuke, maana lilikuja kutuletea msiba. Mle saluni mlikuwa na viti vyembamba vya miguu iliyopinda, na kila kitambaa chake kilipovikaribia, Madamu alipiga kelele: "Polepole! Luwi Kenze!" Akienda kwenye kabati: "Polepole! Luwi Sezi!" Yeye akaelewa kwamba Luwi ndiyo kipimo cha uzee, kama vile kilo ni kipimo cha maharagi. Akaondoka na elimu hiyo, akatuletea milimani.

Na tuliipokea vizuri! Luwi Katorze ilikuwa wakati wa mababu, kabla mgeni yeyote hajakanyaga hapa. Luwi Kenze ilikuwa wakati wa misafara ya pembe. Luwi Sezi ilikuwa Wabelgiji. Na baada ya Sezi?

"Baada ya Sezi hakuna," alisema. "Madamu alinielezea. Ule Luwi wa Sezi balimukata kichwa."

"Sababu gani?"

"Utaona mwenyewe. Angalia viti bya sasa."

Wazee walidhani Luwi ni fundi mbao mmoja huko Ulaya aliyezaa watoto wengi na kuwapa namba badala ya majina, na hakuna aliyewasahihisha kwamba ni wafalme wa Ufaransa, wa kumi na nne, wa kumi na tano na wa kumi na sita. Wanawake kule kisimani tukalishika neno. "Leo mama mukwe ameamuka Luwi Katorze," mmoja angesema, na sote tukajua siku yake itakuwa ndefu. Kitenge kilichochakaa kilikuwa Kenze. Bwana aliyeanza kupata mvi alikuwa Sezi, na alitakiwa achunge kichwa.

Mimi mwenyewe alinipima siku nilipoingia kwa wakwe. Nilikuja na chungu cha mama yangu kichwani, nimepakwa mafuta, nimeinamisha macho kama bibi arusi mwenye adabu. Papa Eksperi akatoka kwenye kundi la watu, akagonga chungu, akanusa, akaniangalia mimi, akatangaza mbele ya ukoo mzima: "Chungu iko Luwi Kenze. Bibi iko mupya. Mutunze chungu." Watu walicheka mpaka ngoma ikasimama. Mwezi mzima sikumsalimia. Nilikuwa na hasira za kweli wakati ule, na hazijaisha zote.

Ungedhani mtu kama huyo nyumba yake imejaa vitu vya kale. Thubutu! Alikuwa na beseni ya plastiki nyekundu, sahani za plastiki, viatu vya plastiki ambavyo vilimlia miguuni, pwaa, pwaa, mvua ikinyesha. Godoro tu ndilo lilikuwa la majani. Nilimwuliza siku moja, tulipokuwa tumekwisha kupatana, mbona hana hata kiti kimoja cha mababu.

"Mama," alinijibu, "muganga analala na bagonjwa?"

Wala umri wake hakuujua. Karani wa serikali alipokuja kuandika watu, akamwuliza amezaliwa mwaka gani. Papa Eksperi akainama juu ya meza, akatoa paji la uso. "Gonga," akasema. Karani alikuwa kijana wa mjini, hakuelewa. "Gonga, sikiliza, kisha andika. Eksperi hajipime yeye mwenyewe, ingekuwa wizi." Karani akaandika alichotaka. Juma zima Papa Eksperi alizunguka akilalamika kwamba wameandika ujana mno. "Amenishusha bei," alisema, na alikuwa na uchungu kwelikweli.

Wachonga uongo walimwogopa kuliko polisi. Huko Walikale, karibu na machimbo ya Omate, vijana waliochoka kuchimba walikuwa wamegundua kazi nyepesi: unachonga kinyago asubuhi, unakizika kwenye tope, unakipaka mawese, unakitundika juu ya moto, na baada ya mwezi mmoja unakuwa na babu. Mmoja alipanda mpaka kwetu na kinyago chake, kimetobolewa na mchwa vizuri sana. Papa Eksperi hakulamba. Alikizungusha tu kwenye mwanga.

"Huyu muchwa alisoma," akasema.

"Vipi, Papa?"

"Anatoboa ku mustari. Na hapa, ona, alipumuzika, akanoa musumari." Yule kijana alichukua kinyago chake akashuka kilima bila kuaga. Tulisikia baadaye kwamba amerudi machimboni.

Hata kanisani hakuwa na breki. Padiri alikuwa amepokea sanamu mpya ya Bikira Maria, na akahubiri kwamba sasa tunaye mama wa kale na wa milele. Watu wakitoka misani, Papa Eksperi alibaki ndani, tukasikia ko, ko, ko. Padiri alimkuta ameweka sikio kwenye vazi la Bikira.

"Unafanya nini, wewe?"

"Padiri, hii ni plasta. Ni ya juzi. Balikudanganya."

"Bikira hana umri!"

"Bikira hana, Padiri. Plasta iko nayo." Alipewa kitubio cha kufagia uwanja wa kanisa, akaufagia. Lakini kila alipofika mlangoni alitikisa kichwa kama mtu anayemhurumia jirani aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Sasa msiba niliousema. Katekista wetu alipata, katika vitu vilivyoachwa na mkoloni mmoja aliyeondoka wakati wa dipanda, chombo cheupe cha chuma chenye maua ya bluu, kipana mdomoni, na sikio moja la kushikia. Akamletea Papa Eksperi. Papa Eksperi akakigonga, akakinusa, ee ndugu zangu, akakilamba. "Luwi Kenze," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Ya supu. Ya mezani. Bakubwa tu." Sikukuu iliyofuata katekista akaalika wakubwa, na maharagi yakaletwa mezani ndani ya chombo kile. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyepanda kutoka Kirotshe kuwasalimia ndugu zake. Aliangalia chombo. Akaweka kijiko chini taratibu. Akauliza kama kuna mwingine aliyekwisha kula.

"Sababu gani?" akauliza katekista.

Muuguzi akamwita pembeni, akamweleza kwa adabu wazungu wanaweka chombo kile wapi usiku, chini ya kitanda, na kwa kazi gani. Katekista hakuwa na adabu hiyo. Alirudi akaitangaza habari kwa sauti ya Injili. Papa Eksperi alikuwa amekwisha kujaza sahani mara ya pili. Alimaliza. Alipangusa mdomo. "Nilisema Luwi Kenze," akasema. "Myaka sikukosa." Lakini kwa muda mrefu ukitaka kumnyamazisha ulikuwa unamwuliza tu kama amekula supu.

Nimechelewesha habari ya kiti. Naichelewesha kila mara.

Baba mkwe wangu alikuwa na kiti cha baba yake. Kilikuwa kiti kifupi cha mviringo, kimechongwa katika gogo moja bila kuungwa, cheusi, kinang'aa katikati pale ambapo watu walikuwa wamekaa na kukaa. Mkubwa wa nyumba ile akizikwa, mtoto wake wa kwanza anakalishwa juu ya kiti kile mbele ya ukoo wote, na kuanzia saa hiyo neno lake ndilo neno. Asiyekalishwa anaweza kupiga kelele apendavyo, ndugu zake wanamsikia kama wanavyosikia mbuzi. Mtoto wa kwanza alikuwa bwana yangu. Sasa mnajua kiti kile kilikuwa nini kwetu.

Tabu ilitokana na manjanja, yaani mabati. Jirani yetu mmoja alikuwa ameezeka manjanja, wa kwanza kilimani, na kila mvua iliponyesha tulisikia nyumba yake inalia mpaka kwetu. Baba mkwe alikuwa anakaa chini ya majani yake, kimya, ametega sikio. "Sikiliza utajiri ya yule," alikuwa anasema. Hakulala vizuri tena. Basi Mzungu mmoja aliposikia habari ya kiti na kutuma neno kwamba, kikiwa cha kale kweli, atatoa manjanja ya nyumba nzima, Baba mkwe alivaa koti lake la misa siku ya kazi.

Walikuja asubuhi, Mzungu na Papa Eksperi. Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharagi kwa nguvu kama anayevunja shingo za kuku. Bwana yangu alisimama mlangoni. Mtoto habishani na baba yake mbele ya wageni. Aliangalia tu kiti, na uso wake ulinitia baridi. Nilimwomba Mungu, pale pale, amfanye Papa Eksperi awe kipofu.

Papa Eksperi akagonga. Akanusa. Akalamba. Kisha akaweka kiganja pale katikati panapong'aa, akakiacha. Alikiacha muda mrefu, mpaka Mzungu akakohoa.

"Hii ni ya jana," akasema.

"Ya jana?" akauliza Mzungu.

"Jana. Ao juzi."

Mzungu alimwamini, kama wote waliomtangulia. Akampa Baba mkwe mkono, akaelekea kwenye motokari. Baba mkwe ndiye aliyelipuka. "Ya jana! Baba yangu alikufa juu ya hii kiti!"

"Basi alikufa jana," akajibu Papa Eksperi, akaondoka kasi, pwaa, pwaa, na viatu vyake vya plastiki.

Siku tatu Baba mkwe alimtafuta na fimbo. "Kama kiti ni ya jana," alikuwa anauliza kila anayepita, "mi nilizaliwa lini? Kesho?" Mimi na bwana yangu tulikaa nyuma ya nyumba tukicheka kwa furaha, kwa sababu kiti kilikuwa kimebaki. Nilimpelekea Papa Eksperi ndizi mbivu bila kumwambia ni za nini. Alizipokea bila kuuliza.

Lakini mtu akiwa eksperi, ni eksperi hata kwa yule anayemtukana. Baba mkwe alitukana mpaka akachoka, na alipochoka akaanza kukiangalia kiti kwa jicho la pembeni. Alikigonga. Nilimwona hata anakilamba, siku alipodhani yuko peke yake. "Labda baba alibadirisha," alisema hatimaye. "Ile ya kweli labda aliuzisha." Hakukikalia tena. Kiti kilitoka sebuleni kikaenda barazani, kutoka barazani kikaja jikoni kwangu. Kuku alitagia juu yake. Nilikatia juu yake sombe, majani ya mihogo. Nilimwuliza bwana yangu kama si vibaya, naye akasema, bila kuniangalia, "Acha. Ni kitu ya jana."

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Walitujia wageni kutoka Kashuga kuzungumzia ndoa ya wifi yangu, watu wazito, na maharagi yalikuwa motoni tangu alfajiri, magumu kama mawe. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Wageni walikuwa wamekwisha kumaliza habari zote za barabarani. Mama mkwe akachungulia chungu, akageuka, akanionyesha kidole. "Leta ile kitu ya jana."

Mimi ndiye niliyeshika shoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baba mkwe alifariki mwaka uliofuata. Ukoo ukakusanyika, na bwana yangu akakalishwa juu ya kiti cha shule tulichoazima kwa katekista. Kililia wakati anakaa, kwiii, na baba mdogo mmoja akacheka. Mpaka leo ndugu zake wakishindwa kwa maneno wanamwambia: "Weye ulikalia kiti ya darasa."

Papa Eksperi hakuyajua hayo. Alikuwa amerudi Walikale muda mfupi baada ya siku ile ya Mzungu. Mimi nilidhani anaikimbia fimbo. Wanunuzi walikuwa wameacha kupita, barabara zilikuwa zimekufa. Tulimsahau kidogo, kama unavyomsahau mtu aliyekuchekesha.

Alirudi mwishoni mwa miaka ile ya sitini, mchana, kwa miguu, amepanda kutoka msituni siku nyingi. Macho yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Bwana yangu alikuwa shambani. Nilimketisha kwenye mlango wa jikoni, nikampa maji, akanywa, akataja jina la kila mtu na mimi nikamwambia nani yuko na nani hayuko.

"Mama," akasema kisha, "nilikuja juu ya kitu moya. Ile kiti."

Nikachukua kikombe chake nikakijaza maji tena.

"Katika maisha yangu nimedanganya mara moya tu, na ni siku ile. Ile kiti haikuwa ya jana. Ilikuwa Katorze. Pengine mbele ya Katorze, Luwi mwenyewe hajazaliwa. Sijapata kugusa kitu sawa ile. Nikaona bwana yako ku mulango, anaiangalia sawa muntu anaangalia maiti ya baba yake. Nikasema, bitu byote nimebipakiza mu motokari ya bazungu, hii hapana." Akanyoosha mikono miwili mbele yake. "Sasa macho inakufa. Niletee niiguse, halafu niende."

Kulikuwa na kigoda kingine pale karibu. Ningeweza kumpa. Lakini mikono ile ningeidanganyaje?

"Papa," nikasema, "tulipikia maharagi."

Mikono ilibaki vilevile, imenyooshwa.

"Yote?"

"Hata miguu yake. Mi njo nilipasua. Ulisema ni ya jana, Papa. Tulikuamini."

Akaishusha mikono juu ya magoti, polepole. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nalia, nalisema wazi, nalia kwa ajili ya kiti, na kwa ajili ya bwana yangu, na kwa ajili ya mzee yule ambaye wema wake mmoja nilikuwa nimeukata kwa shoka. Kisha akainua uso, na sauti yake ilikuwa ya kazi, ile aliyokuwa nayo zamani.

"Mama. Ule moto ilitoa moshi?"

"Moshi?"

"Kitu ya uongo, ile balipaka mawese, ukiichoma inatoa moshi mweusi, nyumba yote inalia. Lakini mbao yenye ilikaa na mababu, haina tena moshi. Moshi yake iliisha zamani. Ukiichoma, inawaka safi." Alisogea mbele, macho yale meupe yananitafuta. "Sema kweli. Ilitoa moshi?"

Nikaelewa anauliza kama ameua.

"Ilitoa, Papa," nikasema. "Moshi mweusi! Mama mukwe alilia mpaka akatoka. Bageni balikimbia inje, sahani mu mikono."

"Mweusi?"

"Mweusi ti."

Halafu mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikaogopa, kumbe anacheka. "Ilikuwa ya jana!" akasema. "Yesu wangu, ilikuwa ya jana kweli! Na mi nililamba, nikaona Katorze! Basi nilisema kweli, nikifikiri ninadanganya!" Alicheka mpaka akakohoa, akajipangusa machozi kwa kiganja, akaomba bugali. Alikula sahani mbili. Kisha akanishika mkono na kuniomba nisimwambie mtu, hata bwana yangu, wasije wakasema Papa Eksperi hajui kazi. Nikamwapia. Akashuka kilima anajisemesha na kujicheka, na sikumwona tena.

Siku ile ya wageni maharagi yaliiva upesi kuliko siku zote za maisha yangu. Nilisimama karibu na moto ule na shoka bado mkononi, macho yangu makavu kabisa, kwa sababu jikoni hamkuwa na moshi hata kidogo.